Mama kaambiwa apimwe uboho. Kuna hatari ya kupooza?

Binti wa Kwanza
Wana jukwaa, naomba msaada, tangu jana sijapata usingizi. Mama yangu ana miaka 61. Siku hizi akipanda ngazi chache tu anasimama, anashika ukuta, na mikononi ametokwa na madoa ya zambarau bila kujigonga popote. Vipimo vimeonyesha chembe nyekundu, nyeupe na chembe sahani zote ziko chini. Daktari anataka apimwe uboho. Mjomba amekataa kabisa. Anasema ukichomwa mgongoni miguu inapooza, heri aongezewe damu na apewe vidonge vya madini ya chuma. Sasa mama naye kaingiwa na hofu. Nimwambie nini?

Mtu wa Maabara
Pole dada, na mama umpe pole. Mjomba kachanganya vitu viwili, na si yeye peke yake. Ndani ya uti wa mgongo hupita ugwe unaounganisha ubongo na mwili. Uboho ni kitu kingine, ni ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Kwa kawaida huchukuliwa nyuma ya nyonga, pale juu ya kalio ambapo ukibonyeza unagusa mfupa. Ugwe haupiti hapo.

Ndani ya uboho kuna seli shina, na chembe zote tatu alizopungukiwa mama huzaliwa humo. Chembe nyekundu hutupa kiini chake ili ipate nafasi ya kubeba hewa, kisha huishi siku kama 120. Chembe sahani, zinazozuia damu kutoka ovyo, huishi siku 7 hadi 10 tu. Kwa hiyo uboho haupumziki: chembe nyekundu peke yake ni kama milioni 2 kila sekunde.

Upungufu wa madini ya chuma kwa kawaida hushusha nyekundu, hauangushi zote tatu. Zikianguka pamoja lazima tujiulize: uboho umekosa vitamini B12 au foleti? Umedhoofika? Umevamiwa na seli mbaya? Au bandama imevimba na inazimeza chembe? Damu ya mkononi mara nyingi haitoshi kujibu hayo.

Nilishapimwa
Dada, usimwambie haumi, akija kuumia hatakuamini tena. Mimi nililazwa ubavu, magoti nimeyakunja. Sindano ya ganzi ilichoma kidogo. Baadaye nikasikia mtu ananikandamiza kwa nguvu, na walipovuta uboho kwa bomba la sindano, kitu kilinivuta mpaka pajani. Sekunde chache, lakini niliung'ang'ania ukingo wa kitanda. Wakakata na kipande chembamba cha mfupa, wakabana kidonda, nikatoka natembea. Nyonga iliuma siku tatu kama niliyeangukia sakafuni. Mimi nilikutwa na upungufu wa B12, nikaanzishiwa sindano.

Binti wa Kwanza
Asanteni sana. Na hilo la kuongezewa damu?

Mtu wa Maabara
Ikibidi ataongezewa, na inaweza kumwokoa. Ila damu ya kupewa nayo ina siku zake. Zikiisha, na uboho bado hautengenezi, mtarudi palepale. Mwambieni daktari dawa zote anazotumia mama, hasa za kuzuia damu kuganda, na za mitishamba pia. Halafu hili naomba ulishike: chembe nyeupe zikiwa chini, homa haisubiri kesho. Akipata joto, hospitali saa hiyohiyo.

Binti wa Kwanza
Nimemsomea mama yote. Kapeleka mkono nyuma, kaubonyeza mfupa wa nyonga, kanyamaza kidogo, kisha kauliza kama nitaruhusiwa kumshika mkono.

Nilishapimwa
Muulize nesi mapema. Mke wangu aliruhusiwa, alikaa upande wa kichwani.