Kurekodi Cessna ikipaa Wilson na Mombasa: video ifunguke kwenye simu

Mwalimu_wa_Umoja
Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia kidato cha tatu hapa Nairobi, na somo la msongamano wa hewa nataka kulionyesha kwa ndege. Nina X-Plane 12, simuleta ya urubani, kwenye kompyuta ya mezani. Cessna 172 ileile, uzito uleule, ipae kutoka uwanja wa Wilson hapa Nairobi, futi 5,500 na ushei juu ya bahari, kisha ipae Mombasa, futi 200 hivi. Ile ya Wilson hukimbia weee kabla magurudumu hayajaachana na lami. Wanafunzi wangu huona ndege hizo zikipita kila siku, ila hakuna aliyewahi kuwaambia zinahangaika hivyo kupaa.

Kurekodi ndiko kunanishinda. Marudio ya X-Plane hufunguka ndani ya X-Plane tu. Kwa OBS, programu ya kurekodi skrini, napata video, lakini inakwamakwama, inatoka kama faili la MKV ambalo simu nyingi za wazazi hazilifungui, na inakula nafasi kupita kiasi. Kadi ya grafiki ni NVIDIA. Halafu mtaani kwetu stima hupotea bila hodi.

Fundi_Luthuli
Mwalimu, marudio si video. Ni kumbukumbu ya ndege ilikuwa wapi na imeinama vipi. Simuleta ndiyo huichora upya. Lakini usiyadharau. Paa kwanza bila kurekodi, kisha fungua marudio, chagua kamera, ndipo uwashe OBS. Mpao mmoja utaurekodi mara mbili: ukiwa ndani unatazama saa za vipimo, na ukiwa kando ya njia ya kurukia.

Kuhusu kukwama, tazama enkoda, yaani kinachobana video. OBS ikiwa kwenye x264, prosesa ndiyo inayobana video, na X-Plane inaitegemea prosesa hiyohiyo kukokotoa ndege. Zinanyang'anyana. Weka NVENC, ambayo ni sehemu ya kadi iliyotengwa kwa kazi hiyo. Punguza pia mapambo ndani ya X-Plane, maana kadi ikijaa kabisa OBS hukosa nafasi ya kukusanya fremu. Kwa simu, 1280 kwa 720 na fremu 30 kwa sekunde zinatosha. Ukiweka kilobiti 2,500 kwa sekunde utapata kama megabaiti 19 kwa dakika. Ukiweka 6,000 ni megabaiti 45.

MKV usiiache, hasa kwa stima ya kwenu. Ikikatika katikati, MKV hufunguka hadi pale ilipofika. MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, kwa hiyo isipofungwa vizuri umeipoteza yote. Ukimaliza, nenda menyu ya File, bonyeza Remux Recordings. Picha na sauti zinahamia kwenye MP4 bila kubanwa upya, na ubora haupungui hata kidogo.

Njiwa_wa_Langata
Mwalimu, hongera kwa wazo hili, ningefurahi sana kufundishwa hivyo. Najifunza urubani hapo Wilson na naomba uangalie kitasa chekundu, kile cha mchanganyiko wa hewa na petroli. Kitabu cha Cessna 172 kinasema uwanja ukizidi futi 3,000, kabla ya kupaa punguza petroli kwenye mchanganyiko hadi injini ifikie mizunguko ya juu kabisa. Ukikisukuma ndani chote kama uko Pwani, injini inalewa petroli, na wanafunzi watailaumu hewa kwa kosa la kitasa. Weka upepo sifuri na joto lilelile viwanja vyote viwili, tuseme nyuzi 25.

Halafu kamera ya ndani isiikose saa ya kasi. Utainua pua kwenye noti 55 (maili za baharini kwa saa) Mombasa, na noti 55 Wilson. Sindano haibadiliki kwa sababu inapima msukumo wa hewa. Lakini kasi juu ya lami Mombasa ni kama noti 56, na Wilson inapita 60. Hapo ndipo fizikia yenyewe ilipo! Injini ina hewa kidogo ya kuvuta, na bado ndege inadaiwa mbio zaidi.

Mwalimu_wa_Umoja
Asanteni sana, dada Njiwa na fundi. NVENC imemaliza kukwama, na kitasa kile nisingekikumbuka. Sindano inasomeka vizuri kabisa kwenye kompyuta, lakini nikiituma kwenye grupu la wazazi namba zinakuwa ukungu.

Fundi_Luthuli
WhatsApp inaibana upya ukiituma kama video. Itume kama hati: bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document badala ya matunzio ya picha, na faili litafika kama lilivyo.

Kwa projekta ya darasani, chukua Shotcut, programu ya bure ya kuhariri video, uweke mipao miwili ubavu kwa ubavu. Zote zianze pale breki zinapoachiliwa. Anza kukata kwenye fremu ambayo gurudumu la mbele limeanza kuzunguka, usikisie kwa sauti ya injini, maana injini huanza kunguruma mapema. Hapo wanafunzi wataona ya Mombasa iko hewani huku ya Wilson bado inakimbia chini.

Njiwa_wa_Langata
Na uzito ukague mara mbili, Mwalimu. Ukianza safari mpya uwanja mwingine, hakikisha petroli kwenye matangi ni ileile.