Naomba ushauri: kurekodi podikasti chini ya bati msimu wa mvua, Mbeya

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Podikasti ni ya wakulima wa viazi hapa Uyole: watu wawili mezani, nusu saa. Shida ni bati. Mvua ya huku huanza Novemba hadi Aprili au Mei, na chumba hakina dari. Maikrofoni iliyopo ni ya kondensa, inadaka kila kitu, hadi bodaboda ya barabarani. Programu ya kuondoa kelele haiokoi, maana mlio wa mvua umetanda kwenye masafa yale yale ya sauti ya mtu. Ukiukata sana, msemaji anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Nafikiria maikrofoni mbili za dainamiki, zile zisizodaka sana sauti za mbali, kila moja vidole vinne kutoka mdomoni, ili geini (kiwango cha kukuza sauti inayoingia) ishushwe. Blanketi ukutani zinapunguza mwangwi tu, mvua haziizuii. Je, dari ya plaiwudi yenye magunia ya maranda juu yake itatosha, au bora kurekodi asubuhi, kwa kuwa mvua nyingi hushuka mchana? Asubuhi wakulima wako shambani, na hao ndio podikasti yenyewe.

La pili ni bando. Nusu saa kwa mono (chaneli moja ya sauti) ya kbps 64, yaani kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 14. Kwa 128 ni karibu 29. Wasikilizaji wengi hupokea kwa WhatsApp. Aliyejaribu 48, yaani MB 11 hivi, maneno bado yanasikika vizuri kwenye spika ya simu ndogo?