Timu za watoto kufanya mazoezi pamoja: tunajenga au tunaibiana wachezaji?

Mleta mada (Isanga, Mbeya)
Wakuu, salaam. Nanoa watoto wa chini ya miaka 13. Daftari lina majina 22, ila Jumanne wanafika 9. Wengine wako tuisheni, wengine wametumwa sokoni. Mipira ninayo 3, na mmoja lazima upitie kwa fundi baiskeli kujazwa upepo kila jioni. Kwa watoto 9 utafundishaje beki kutoka na mpira huku anakabwa? Tunaishia danadana na kuzunguka uwanja. Bondeni kuna mwenzangu mwenye watoto 11 na shida hiyohiyo. Nikamwambia tuwachanganye mara moja kwa wiki, viongozi wake wakagoma. Mnasemaje?

Mdau wa Uyole
Kocha, hata mimi ningegoma. Mwaka juzi tulichanganya na majirani, miezi miwili haikuisha nikamkuta winga wangu wa kushoto kwenye bonanza kavaa jezi yao. Njumu alizovaa nilimnunulia mimi! Ule ulikuwa mnada, si mazoezi.

Mama wa mtoto wa miaka 10, Ilomba
Mie shida yangu nyingine. Walipochanganya wa kwetu, makocha wakapanga timu kwa timu, ikawa mechi. Mwanangu aligusa mpira mara mbili saa nzima, nilihesabu. Karudi nyumbani soksi nyeupe, na ilikuwa masika!

Mdau wa Iringa
Huku hatuna hata hiari. Uwanja mmoja wa shule, timu tatu, na kipupwe hiki saa kumi na mbili jioni vidole vimeshakufa ganzi. Tunagawana robo robo. Faida niliyoiona mimi ni kwa makipa: kila timu ina mmoja, siku zote yuko peke yake golini anasubiri mashuti. Wakikutana watatu na kocha mmoja, ndipo wanafundishwa kweli.

Mleta mada
Mama, umegusa penyewe. Mechi si mazoezi. Watoto 20 nawagawa kwa umri na uwezo, jezi za timu zinabaki nyumbani. Wanne kwa wanne, viwanja vidogo, dakika nane wanabadilishana. Wadogo wapewe mpira namba 4, namba 5 unawavunja miguu. Hapo hakuna wa kujificha.

Mdau wa Uyole, pole kwa njumu. Ila winga hukumpoteza mazoezini, umempoteza kwenye karatasi. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 mpaka ule aliotimiza 23. Lakini klabu iwe imemsajili. Timu yangu mimi mwenyewe mpaka leo haimo kwenye kumbukumbu za chama cha soka, sasa nitamdai nani?

Mama wa mtoto wa miaka 10, Ilomba
Na akivunjika mguu kwenye hayo mazoezi ya pamoja, nani anampeleka hospitali?

Mleta mada
Kocha aliyekuja naye, mama. Na namba ya simu ya mzazi iandikwe kabisa kwenye orodha ya watoto.

Mdau wa Uyole
Haya. Ukija huku Jumatano saa kumi na nusu utanikuta. Orodha naandika mimi, kila timu na karatasi yake, makocha wote tunasaini. Na huyo wa bondeni mwambie aje, hao viongozi wake tutaongea nao.