Tupeane uzoefu: siku uliyogundua kwamba stelingi anaweza kufa

Shangazi Kurasa

Ndugu zangu, nawasalimu. Jana mtoto wa kaka yangu alichomoa kitabu rafuni, akalitazama jalada, kisha akaniuliza kwa nini Superman analia na yule dada aliyembeba mikononi amepatwa na nini. Lile ni jalada la toleo la 7 la hadithi ya katuni *Crisis on Infinite Earths*, lililochorwa na George Pérez mwaka 1985, na aliyebebwa ni Supergirl, binamu yake. Nilimjibu kwamba amekufa, naye akanikatalia kabisa, kwa kuwa amekulia katika sheria ileile tuliyokulia sisi sote kwenye mabanda ya video: stelingi hafi.

Naomba basi tupeane uzoefu. Sizungumzii hadithi za shujaa mmoja anayekimbizana na mwizi wa benki. Nazungumzia zile ambazo mashujaa wa sayari na zama mbalimbali, wengine wasiojuana hata kwa majina, wanakusanywa kwa sababu kuna kitu kinachoula uhalisia wenyewe na hakuna anayejua kimetoka wapi. Wewe ulikutana nazo wapi, na ni nani aliyekufa ukashindwa kuamini?

Mjukuu wa Baharia

Shikamoo shangazi. Umenigusa mahali penyewe.

Ami yangu alikuwa akifanya kazi melini, na kila aliporudi Mombasa alileta, pamoja na sabuni na vitambaa, bunda la magazeti ya katuni yaliyoachwa na mabaharia wenzake. Katika bunda mojawapo nilikuta hadithi hiyohiyo ya Marv Wolfman na Pérez, matoleo kumi na moja kati ya kumi na mawili. Lililokosekana lilikuwa la 8, na wakati ule sikujua kwamba hilo ndilo lingenitesa.

Toleo la 1 halimngoji msomaji. Ukuta mweupe wa antimata, kinyume cha maada ya kawaida, unapita ukifuta ulimwengu mmoja baada ya mwingine, nyota, sayari na watu wake, na unapofika Dunia-3, mojawapo ya dunia sambamba, ambako wenye nguvu zote ni wahalifu na mwema pekee ni Lex Luthor, wahalifu wale wanajitupa kuuzuia ukuta huo kwa miili yao, huku Luthor akimtuma mwanawe mchanga, Alexander, katika ulimwengu mwingine ili angalau mmoja asalie. Yupo pia mtu aitwaye Pariah, aliyelaaniwa kutokea popote ulimwengu unapokufa, atazame, alie, kisha avutwe kwenda kutazama mwingine. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kwa muda mrefu nilipoona mawingu meupe yakitokea upande wa bahari nilikuwa nikirudi ndani.

Sasa sikilizeni jambo lililoniumiza. Katika toleo la 2 Batman yuko katika kazi zake za kila siku, mara Flash, shujaa wa mbio, anamtokea ghafla, amekonda, anaomba msaada, mwili wake unachakaa mbele ya macho yake, kisha anatoweka. Hakuna maelezo. Nikasoma mbele nikitafuta sababu. Nikafika la 7, nikamlilia Supergirl, nikafungua linalofuata, nalo ni la 9, na ndani yake Flash hayupo. Nilirudi kwa ami kumuuliza Flash amekwenda wapi, naye, mtu wa Mungu, akanijibu kwamba huenda amehamia meli nyingine.

Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara nilipopata kitabu kinachokusanya matoleo yote. Katika la 8 Barry Allen, ambaye ndiye Flash, anakimbia kuuzunguka mzinga wa antimata uliokusudiwa kuangamiza dunia zilizosalia, anakimbia mpaka nyama inamwisha mwilini na mbio zake zinampasua kutoka wakati uliopo na kumrudisha nyuma, na huko nyuma anakopitishwa ndiko anakomtokea Batman. Kilio nilichokisoma utotoni kilikuwa cha mtu aliyekuwa akifa kurasa zaidi ya mia mbele yangu. Nilifunga kitabu, nikaenda kumpigia ami simu.

Fundi Redio

Kwa Pariah nakuunga mkono. Kumlazimisha mtu atazame bila uwezo wa kusaidia ni adhabu kubwa kuliko kifo.

Kaka wa Muscat

Nimesoma kwa heshima, lakini naona mnaishi upande mmoja wa mji, ule wa kampuni ya DC, nami natokea ule wa Marvel. Kwangu mimi hadithi ya namna hii ni *The Infinity Gauntlet* ya mwaka 1991, iliyoandikwa na Jim Starlin na kuanzwa kuchorwa na Pérez huyohuyo kabla Ron Lim hajaichukua. Wengi wenu mnamjua Thanos wa sinema, yule anayejidai kwamba anapunguza watu ili riziki itoshe. Wa kwenye katuni hana falsafa hiyo. Anaua nusu ya viumbe wote ili amfurahishe Mauti, ambaye katika hadithi hiyo ni mwanamke asiyemjibu hata neno moja.

Sasa mtazameni Adam Warlock, anayewakusanya mashujaa waliosalia. Anawapeleka vitani akijua kwamba watashindwa, kwa sababu mpango wake halisi ni kwamba wakati Thanos anashughulika kuwaua, Silver Surfer apite kwa kasi na kuinyakua ile glavu yenye vito vinavyompa Thanos nguvu. Hawaambii. Thor anageuzwa kioo na kuvunjwa. Captain America anabaki peke yake, anasimama mbele ya kiumbe mwenye uwezo wa mungu, na ngao yake inapasuliwa kwa pigo moja. Kisha Surfer anapita, ananyoosha mkono, na anakosa. Nilikuwa nimeketi dirishani nikisoma, na nakumbuka niliipiga meza kwa hasira hata mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Ushauri wangu kwa vijana: kiongozi akikuita vitani, muulize kwanza mpango wote.

Mjukuu wa Baharia

Kaka, hayo ni maumivu ya robo saa. Nusu ya viumbe walikufa na wote wakarudishwa kabla hadithi haijaisha. Huwezi kulinganisha na Barry.

Kaka wa Muscat

Barry naye alirudishwa mwaka 2008. Supergirl alirudishwa 2004. Mbona hilo umelinyamazia?

Mjukuu wa Baharia

Silinyamazii hata kidogo. Tangu 1985 hadi 2008 ni miaka 23, na mtoto aliyezaliwa mwezi ule alikuwa ameshamaliza shule na pengine ameoa. Katika miaka hiyo yote sare ya Flash ilivaliwa na Wally West, mpwa wa Iris, mke wa marehemu, na wapo wasomaji ambao kwao Flash ni Wally tu. Mtu akiondoka mpaka kiti chake kikapata mwenyewe mwingine, hiyo naihesabu kuwa kifo.

Shangazi Kurasa

Wanangu, msigombane. Hata hivyo naomba niseme kinachonisumbua mimi, kwa kuwa nadhani nyote wawili mmekipita bila kukiona. Barry alikufa na akakumbukwa. Supergirl alikufa akimwokoa binamu yake, tena akapigwa pigo la mwisho kwa sababu aligeuka kumhimiza shujaa mwenzake, Doctor Light, amwondoe Superman pale, halafu malimwengu yaliyosalia yakaunganishwa kuwa moja na historia ikaandikwa upya, na katika historia hiyo mpya binti huyo hakuwahi kuwepo. Yule Superman anayelia kwenye jalada baadaye hana hata kumbukumbu ya kumlilia. Anayekumbuka ni Psycho-Pirate, mhalifu aliyefungwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na nani atamwamini? Kuuawa ni jambo moja, ila kufutwa mpaka aliyekulilia asijue kwamba alilia ni jambo ambalo hadi leo silipatii mahali pa kuliweka.

Fundi Redio

Shangazi, hapo umeniondolea usingizi.

Mtoro wa Banda

Mimi sikusoma katuni, nilitazama, lakini naomba mnivumilie kwa sababu yaliyonikuta hayajamkuta mtu.

Mwaka 2018, mtaani kwetu Mwanza, mwenye banda la video alitangaza kwamba ataonyesha *Avengers: Infinity War*. Tulijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Mwenye banda alikuwa na desturi ya kusimama pembeni ya televisheni na kutufafanulia kwa sauti, na ile siku alikuwa amepamba moto. Tulifika Wakanda, ile nchi ya kubuni ya Afrika, tukashangilia kana kwamba wote tuna ndugu kule. Thor akashuka kutoka juu na shoka lake, akalirusha, likamzama Thanos kifuani, banda zima likaruka juu, watu wakakumbatiana, na hapohapo umeme ukakatika.

Tukasubiri gizani. Vijana wakaanza kudai warudishiwe viingilio. Mwenye banda, akiona hatari ya kurudisha fedha za watu wote wale, akapanda kwenye benchi na kututangazia kwa utulivu mkubwa kwamba filamu ilikuwa imefika mwisho. Akaeleza kwamba Thanos amekufa palepale, vito vyake vimetupwa baharini, Tony Stark, yaani Iron Man, amerudi nyumbani salama na amemwoa Pepper, na harusi ilihudhuriwa na wote. Alisimulia harusi ile kwa undani, ndugu zangu, mpaka chakula kilicholiwa. Tukatoka tukiimba.

Mwaka uliofuata nikahamia Dar es Salaam, rafiki akanialika sinema kutazama *Avengers: Endgame*. Inaanza na baba anamfundisha binti yake kulenga mshale, anageuka, familia yote imetoweka. Nikamnong'oneza rafiki yangu kuuliza hawa wamekwenda wapi. Akanitazama. Nikamweleza kuhusu harusi. Alicheka mpaka tukaonywa tupunguze sauti. Mimi sikucheka, kwa sababu ndani ya dakika chache nilifahamishwa kwamba nusu ya viumbe wote wamekufa mwaka mzima uliopita na mimi nimekuwa nikiishi kwa amani. Na Stark alipokufa mwishoni, yule niliyekuwa nimekula harusi yake, nilitoka nje kabla taa hazijawashwa.

Fundi Redio

Chakula kilikuwa nini?

Mtoro wa Banda

Pilau, mkuu. Alisema Hulk alimaliza sufuria nzima peke yake.

Kaka wa Muscat

Huyo mwenye banda alikosea kidogo tu. Thor kweli alimkata Thanos kichwa, ila katika filamu iliyofuata na wakati kumeshachelewa. Ningemsamehe.

Baridi Kali

Mimi nisingemsamehe. Fedha za watu ni fedha za watu, ulimwengu uwe umeokoka au umeangamia.

Mtoro wa Banda

Wapo waliorudi kudai baada ya kusikia ukweli. Akawajibu kwamba waliuziwa mwisho bora kuliko ule wa Marekani, hivyo wao ndio wanaodaiwa.

Shangazi Kurasa

Nimecheka mpaka majirani wamesikia. Lakini turudi kwenye mada, jamani, kabla uzi huu haujawa wa mapishi.

Mwalimu wa Fizikia

Naomba nichangie upande mmoja ambao wengi huudhania kuwa uongo mtupu. Antimata ipo. Paul Dirac aliifikia kwa hesabu mwaka 1928, na mwaka 1932 Carl Anderson akaona chembe ya kwanza ya aina hiyo, pozitroni, yaani elektroni yenye chaji chanya. Chembe hizo zikikutana na maada ya kawaida huangamizana na kugeuka nishati. Hata baadhi ya mashine za hospitali za kutafuta saratani hutumia pozitroni kila siku, kwa hiyo kitu kilichomaliza Dunia-3 huenda kimeshapita ndani ya mwili wa mtu mnayemfahamu, tena kwa manufaa yake. Kosa la kisayansi la hadithi ile ni kwamba ukuta ule unafuta kwa ukimya na weupe. Mgongano wa kiasi kile ungetoa mlipuko ambao hakuna shujaa angebaki kuusimulia.

Mjukuu wa Baharia

Mwalimu, umetoka kuniambia kwamba nilikuwa na haki ya kuyakimbia mawingu.

Mwalimu wa Fizikia

Sikusema hivyo, mwanangu.

Baridi Kali

Niko Minnesota, na huku vitabu hivi huazimwa bure maktabani, basi nilivisoma vyote viwili majira ya baridi moja bila kulipa senti. Kwangu mimi aliyenichoma si Barry wala Stark. Ni Superman mzee, yule wa Dunia-2, ambaye ulimwengu wake wote umefutwa pamoja na historia ya ndoa yake, na bado ndiye anayempiga Anti-Monitor, adui aliyeuachilia ule ukuta wa antimata, pigo la mwisho katika toleo la 12. Mtu aliyepoteza anwani yake, kazi yake na jina lake kwenye kila daftari, anapigania nyumba za wengine. Sisi tulio ugenini tunamwelewa haraka.

Binti wa Tanga

Habari zenu. Nimefuatilia kimya kimya tangu mwanzo. Nina binti wa miaka kumi na mmoja anayependa kusoma, na nataka nimpe hadithi ya namna hii. Nianzie wapi?

Mjukuu wa Baharia

*Crisis*, toleo la 1 hadi la 12, kwa mpangilio. Hakikisha la 8 lipo kabla hujalipa.

Kaka wa Muscat

Dada, usimtese mtoto. *Crisis* ina mamia ya wahusika, na asiyewajua atadhani anasoma daftari la mahudhurio. Mpe *The Infinity Gauntlet*, ni matoleo sita tu.

Baridi Kali

Yenye mwanamume anayeua nusu ya viumbe ili apendwe na mwanamke aliyekwisha kumkataa? Kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja? Mpe vitabu vya shule.

Mtoro wa Banda

Mpeleke Mwanza kwa mwenye banda. Atasimuliwa mwisho mwema na pilau juu.

Shangazi Kurasa

Mwanangu, usiwasikilize hawa. Tafuta kwanza ile hadithi ya mwaka 1961 katika *The Flash* namba 123, ambamo Barry anavuka kwa mara ya kwanza kwenda ulimwengu mwingine na kukutana na Flash mzee, Jay Garrick. Ni fupi, ina furaha, hafi mtu, na ndiyo iliyofungua mlango wa malimwengu yote ambayo *Crisis* ilikuja kuyafunga baadaye. Akiipenda, mpe *Crisis* wakati wa likizo. Toleo la 7 lishikilie mwenyewe mpaka uhakikishe amemaliza mitihani, na siku utakayompa usiwe mbali na nyumbani.

Binti wa Tanga

Nashukuru, shangazi. Ameshasoma uzi huu begani kwangu na anauliza Hulk alihudhuriaje harusi wakati sare yake ni suruali moja.