Milango ya 504 haifungi, nimebadilisha hinji mara mbili, nisaidieni

Mtoto_wa_Mikindani
Asalaam aleikum jamaa. Niko Mikindani, nina Peugeot 504 saluni ya 1974 naijenga upya hapa nyumbani, gereji yenyewe ni mabati manane na boriti za mkoko ubavuni mwa nyumba. Mpango ni kuitia injini ya 1G ya Toyota Mark II, rangi ya maziwa, rimu pana, viti nishonewe upya vyote. Kilichonikwamisha ni milango. Ya mbele yafunga kwa teke, ya nyuma kushoto ukishaifunga basi tena, haifunguki mpaka niingie kwa upande mwingine nilale niisukume kwa miguu. Hinji nimebadilisha mara mbili, nimeongeza washa za bolti, nimelisaga komeo, wapi. Jana nilikaa mle ndani mpaka saa saba za usiku na tochi mdomoni, karibu nilie. Nani ajua hinji nzima za 504 zapatikana wapi hapa Mombasa? Na kama kuna fundi wa milango asiye na maneno mengi aniambie bei.

Kibokoni_Kwetu
1G ya nini bro, weka 1JZ, injini ya Toyota yenye nguvu zaidi, umalize mambo

SalimTurbo
^ huyu kila uzi ni 1JZ. Mtu akiuliza mashine ya kushonea atamwambia weka 1JZ

Bi_Mkubwa_Nyali
504 jamani! Mumenikumbusha mbali. Sie tukienda Malindi na zile Peugeot za safu tatu, kabla ya daraja la Kilifi la 1991, ikawa lazima mushuke mupange foleni ya feri. Mimi mdogo, nawekwa safu ya nyuma kabisa na kapu la maembe, dereva hana haja na breki, na huko nyuma ukitaka kutapika huna dirisha la kufungua. Marehemu nyanya alikuwa akinipa ndimu ninuse. Mpaka leo nikinusa ndimu naiona barabara ya Takaungu. Pole na milango mwanangu.

Fundi_Mstaafu
Kijana, hinji hazina makosa. Mlango wa 504 waanguka kidogo pini ya hinji ikilika, sawa, lakini milango minne haiwezi kuharibika wiki moja. Bodi ndiyo imehama. Gari hii haina chesisi, sakafu na nguzo na paa ndizo chesisi yenyewe. Nikuulize kitu kimoja na unijibu ukweli: umekata nini?

Mtoto_wa_Mikindani
Ahsante fundi. Kutu ndio ilikuwa nyingi sakafuni upande wa dereva, nilikata nikatia kipande kipya. Pia juu ya shoki za mbele palikuwa pameanza kuliwa, nikapaziba. Lakini hizo kazi nilizifanya mwaka jana na milango ilikuwa yafunga.

Fundi_Mstaafu
Na mwaka huu?

Mtoto_wa_Mikindani
Mwaka huu ni mambo madogo madogo tu. Injini ya zamani nilitoa, shafti nilitoa, bolti nne tu dakika ishirini ikaanguka yenyewe. Rangi ya zamani nimekwangua.

Fundi_Mstaafu
Mtoto wangu.

SalimTurbo
hahaha fundi ashamshika. sema tu

Mtoto_wa_Mikindani
Sawa. Paa nimelitoa.

Lakini sikukata ovyo jamani msianze. Nilipima, nikatia engolaini (chuma cha pembe) moja katikati kutoka mlango hadi mlango kabla sijashika grainda. Nataka gari wazi, watu wakae nyuma wapunge upepo, na Peugeot wenyewe walitoa 504 ya paa wazi kwa hivyo si mimi niliyelianzisha jambo hili. Na nguzo za kioo cha mbele sikuzigusa.

Kibokoni_Kwetu
Ukakata PAA 😭😭😭

Fundi_Mstaafu
Hiyo ya kiwandani ilikuwa ni bodi nyengine, fupi kuliko saluni yako na imetiwa nguvu chini, hawakuchukua grainda wakatoa juu. Wewe umechukua boksi la viatu ukatoa kifuniko, sasa ukilishika ncha mbili katikati lalegea. Matundu ya milango hayako mraba tena, na kila ukibadilisha hinji waufuata mlango ulionyooka kwenye tundu lililopinda. Engolaini moja katikati haisaidii kitu, yazuia gari lisifunge kama kitabu lakini hailizuii lisiiname kama ndizi.

Gari limekaa juu ya nini sasa hivi?

Mtoto_wa_Mikindani
Jeki mbili mbele na matofali nyuma

Fundi_Mstaafu
La ilaha illallah.

Ustadh_Jomvu
Nataka kuuliza swali la kando. Gari ya 1974 na mwenyewe waonekana kijana. Umeinunua au ni ya nani?

Mtoto_wa_Mikindani
Ya nyumbani

Ustadh_Jomvu
Ya nyumbani kwa nani?

Mtoto_wa_Mikindani
Ya marehemu babangu. Amefariki miaka mitatu sasa, gari ilikuwa imekaa tu chini ya mwarubaini kuku wanatagia kiti cha nyuma. Logibuku, ile hati ya umiliki, bado iko kwa jina lake. Mimi ndiye mwanamume peke yangu, nina dada wawili, na hakuna aliyekuwa na haja nayo, nikiwaambia tuiuze wasema acha. Na kwa taarifa yenu hii kazi yote ni kwa ajili ya dadangu mdogo, harusi yake imebaki wiki tisa, nataka nimpeleke ndani ya gari ya baba, wazi, maua mpaka kwenye buti. Mtu afanya jambo la heri mwaanza kumhukumu.

Ustadh_Jomvu
Hakuna aliyekuhukumu. Lakini kama hamjagawa mirathi, hilo gari si lako. Mama yuhai?

Mtoto_wa_Mikindani
Yuhai alhamdulillah

Ustadh_Jomvu
Basi mama ana thumni yake, 1/8. Zilizobaki 7/8 mwagawa, mwanamume mafungu mawili, kila dada fungu moja. Kama hakuna warithi wengine na marehemu hakuacha deni, wewe una 7/16 na kila dada ana 7/32. Yaani hujafika nusu. Umekata paa la watu. Nendeni kwa Kadhi mutengeneze karatasi, na hata logibuku huwezi kuibadilisha jina bila ya hizo karatasi, seuze kuandikisha injini nyengine.

SalimTurbo
7/16 si ndio ile spana

Fundi_Mstaafu
Ni spana, na Peugeot haitumii spana za inchi. Hata hilo limekukataa.

MamaRayyan
Nyinyi wanaume mwajua kuchekana. Dada mwenyewe ajua? Mimi harusi yangu kakangu aliniletea gari ya maonyesho bila kuniambia, haina kiyoyozi, mwezi wa pili, buibui na mapambo na wanja umenishuka mpaka kidevuni, nikafika ukumbini kama mtu aliyetoka kuvua pweza. Bibi harusi gari la wazi na nywele zimetengenezwa tangu asubuhi? Muulize kwanza.

Mtoto_wa_Mikindani
Hajui, ni saprais. Nimefunika na turubai.

Kibokoni_Kwetu
504 imeshinda Safari Rally 1975 na 1978 na leo yalala juu ya matofali imefunikwa turubai. Dunia hii

ChumviKavu
Hebu ngojeni kidogo kabla hamjaendelea kulia na huyu mtu. Mimi nimekulia ndani ya 504, mjomba wangu alikuwa nazo tatu za abiria. Shafti ya 504 haining'inii nje kama ya Toyota. Imo ndani ya bomba, na hilo bomba limefungwa giaboksi upande huu na difu, zile gia za magurudumu ya nyuma, upande ule. Bolti nne dakika ishirini ikaanguka yenyewe? Haiwezekani, labda umeitoa kwa kusoma kisomo. Halafu ile picha uliyoweka asubuhi ya pale ndani, kalenda ukutani ni ya 2019 na wewe wasema umekata mwaka huu. Na hadithi imekaa sawa mno, baba marehemu, dada aolewa, kijana analia na tochi mdomoni. Hapa twatungiwa. Kesho ataweka namba ya kutuma mchango.

SalimTurbo
aisee kalenda sikuiona

Bi_Mkubwa_Nyali
Mimi nimeshamuombea dua huyo!

Kibokoni_Kwetu
nilijua, mtu wa kweli angetia 1JZ

Mtoto_wa_Mikindani
ChumviKavu kuhusu shafti nimekosea kusema, nilikuwa najigamba. Haikuwa dakika ishirini. Ilikuwa siku mbili, mimi na jirani, tukateremsha difu ndipo bomba likatoka, likanibana kidole cha shahada na ukucha mpaka leo ni mweusi. Nikaona nikisema hivo mtaniona sijui kazi. Kalenda ni ya mamangu, ina picha ya Makka, na yeye kitu chenye picha ya Makka hakitupi, ndani ya nyumba iko nyengine ya 2011. Mchango sitaki hata shilingi ya mtu. Na kama natunga ningejitungia gari ambalo milango yafunga.

Fundi_Mstaafu
Hilo la bomba na difu ndivyo lilivyo, huwezi kulijua hujaligusa. Mimi namwamini. Na kijana, hapo hapo una tatizo jengine hujaliona: giaboksi ya Mark II haina pa kushika lile bomba. Ukitia 1G itabidi shafti ya Toyota na difu ya Toyota, na chini ya sakafu utengeneze pa kuishika upya, kwenye bodi ambayo sasa hivi hata mlango haiwezi kuushika. Injini yako ya zamani iko wapi?

Mtoto_wa_Mikindani
Iko, nimeifunika gunia. Ilikuwa yawaka.

Fundi_Mstaafu
Basi 1G iache ilale. Sikiliza. Kwanza hayo matofali yatoe leo, tofali hupasuka bila kukupigia hodi, na wewe wajilaza chini yake. Tafuta steni nne, vile vigingi vya chuma vya kushikia gari, mbili chini ya boksi linalopita chini ya milango kila upande, karibu na mbele na karibu na nyuma, gari likae levo, uwekee levo ya maji ya fundi wa mawe. Milango yote toa. Kisha chukua uzi, si futikamba, uzi, pima tundu la mlango kutoka pembe ya juu ya hinji hadi pembe ya chini ya komeo, halafu pembe ile nyengine, na mlango wenyewe uupime vivyo hivyo. Nyuzi za tundu zikiwa tofauti na za mlango ndio umeinama hapo. Weka jeki katikati ya boksi, inua taratibu, nusu mzunguko, ngoja, pima, mpaka zilingane. Zikilingana ndipo uchomelee skweya tyubu (bomba la chuma la mraba) ndani ya tundu, kona kwa kona, pande zote mbili, na nyengine kutoka nguzo ya mbele ya kulia hadi ya kushoto. Toa nyaya za betri kabla hujachoma. Na tanki la petroli liondoe litoke kabisa nje ya gereji, tanki tupu ndilo baya zaidi kwa sababu ya ile hewa yake.

Na chuma ulichokwangua rangi kitie praima leo leo. Hapo wewe uko karibu na maji ya bahari, ukilala usiku mmoja tu asubuhi kimeshapiga wekundu.

Mtoto_wa_Mikindani
Nimepima kushoto. Uzi umezidi sentimita mbili na nusu.

ChumviKavu
Sentimita mbili na nusu!! Sawa nimeamini, hakuna mtu wa kutunga aibu kama hiyo. Sasa nijibu moja tu na mimi ninyamaze. Paa lenyewe liko wapi? Ulilitupa?

Mtoto_wa_Mikindani
Sikulitupa

ChumviKavu
Liko wapi?

Mtoto_wa_Mikindani
Mama aliliona zuri, halivuji. Limefunika banda la kuku.

SalimTurbo
😂😂😂😂 nimeteremka kwenye tuktuk nicheke vizuri

MamaRayyan
Kwa hivyo mama ajua paa limekatwa?

Mtoto_wa_Mikindani
Nilimwambia ni bati la gari jengine

Fundi_Mstaafu
Limekatwa juu ya nguzo au katikati ya nguzo?

Mtoto_wa_Mikindani
Katikati. Disiki nyembamba.

Fundi_Mstaafu
Basi larudi. Ukishalinganisha matundu na kutia tyubu, paa lirudishwe, kila nguzo iliyokatwa itiwe kipande cha chuma ndani kama ulimi, lichomwe kwa mashine ya gesi. Mimi niko Changamwe, Jumamosi baada ya alasiri nitapita nione mwenyewe. Kalichukue leo ulioshe, mavi ya kuku yala chuma.

Ustadh_Jomvu
Na hapo hapo umwambie mama, kabla fundi hajaja.

Mtoto_wa_Mikindani
Nimemwambia. Hakusema kitu kwa muda, akaenda akaligusa lile paa kwa mkono, akauliza kama ni pale juu baba alipokuwa akifunga kitanda cha kamba tukienda Mariakani. Nikamwambia ndiyo. Akasema sawa, litarudi. Lakini si leo, kuku mmoja analalia mayai kumi na moja na mvua za mwezi wa tano hizi, tungoje yaanguliwe.

Fundi_Mstaafu
Yaanguliwa lini?

Mtoto_wa_Mikindani
Asema siku tisa