Madalali na wenye nyumba wa Malimbe, Nyegezi na Bugando hapa Mwanza: acheni kuwauzia mwaka wa kwanza vyumba kwa picha!

Wakuu, salaam.

Kila vyuo vinapofungua, Oktoba na Novemba, unyang'anyi ni ule ule. Kijana anashuka stendi ya Nyegezi na godoro lake, ana hela ya pango ambayo mzazi ameuza ng'ombe au pamba kuipata. Kabla hajafika hata getini chuoni, hela imeshagawanywa. Dalali kachukua yake, mwenye nyumba kachukua ya miezi sita, na mtoto wa watu kabaki na ufunguo wa chumba alichokiona WhatsApp tu. Huu ni wizi, na tumeuzoea mpaka tunauita ujanja wa mjini.

Tuanze na "kishika chumba". Majina ya waliochaguliwa yakitoka, madalali wanaingia kwenye magrupu ya mwaka wa kwanza na kurusha picha: vigae, feni, ukuta mweupe. "Tuma 50,000 nikushikie, kuna wengine wawili wanakitaka." Chumba hicho hicho kinashikiwa watu watatu, na hela haimfikii mwenye nyumba. Ukifika unaambiwa kimeshachukuliwa, unapelekwa kingine kibovu zaidi, na kishika chumba "kimeingia kwenye udalali". Juu yake kuna hela ya kuonyeshwa, elfu kumi au zaidi, hata kama hakuna chumba ulichokipenda. Kisha udalali wenyewe, kodi ya mwezi mmoja mzima.

Pigeni hesabu wenyewe. Chumba cha 50,000 kwa mwezi: miezi sita 300,000, udalali 50,000, kishika chumba kilichopotea 50,000. Hiyo ni laki nne kabla ya kununua ndoo. Mkopo wa chakula na malazi ni Sh 10,000 kwa siku, yaani laki sita kwa siku 60, na bumu, yaani hela hiyo ya mkopo, la mwaka wa kwanza haliingii mpaka amalize usajili na kusaini. Kijana anakaa wiki kadhaa anakula mkate na chai kwa sababu hela yake yote iko mfukoni mwa watu wawili ambao hawajampa hata risiti.

Wadogo zangu, msitume hata shilingi kabla ya kukiona chumba kwa macho. Njoo siku nne au tano kabla ya usajili, lala kwa ndugu au gesti, zunguka kwa miguu ukiulizia wapangaji na wenye maduka. Vyumba vingi vina karatasi mlangoni yenye namba ya mwenye nyumba mwenyewe. Gesti ya siku hizo haifikii hata nusu ya hasara ya chumba kibaya cha miezi sita. Na anayeshukia stendi ya Nyamhongolo ajue Malimbe iko upande mwingine kabisa wa jiji, asikubali bodaboda amwambie "kuna chumba karibu na chuo chako hapa hapa".

Sasa LUKU, umeme wa kulipia kabla, na hapa ndipo wanapoumizwa kila mwezi bila kujua. Anayetumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, akiwa kwenye kundi la matumizi madogo hulipa Sh 100 kwa uniti, ikifika na kodi na tozo ni kama 122. Mita ya matumizi ya kawaida ni Sh 292, na tozo zake inafika kama 356. Chukua nyumba ya vyumba vinane kwenye mita moja, kila chumba kinatumia uniti 20. Jumla 160, mita iko kundi la juu, kila chumba kinalipa zaidi ya 7,000 kwa umeme ambao kwenye mita yake kingelipa chini ya 2,500. Mwenye nyumba anajua. Haweki mita nyingine kwa sababu haimuumi yeye.

Halafu mnachangishwa sawasawa kwa kichwa. Wewe una taa na chaji ya simu, jirani anapikia jiko la koili la wati 1,500, ambalo saa moja tu linakula uniti moja na nusu, na mwenye nyumba friji lake la kuuzia barafu liko kwenye mita hiyo hiyo. Mchango unafanana! Kama kuna sabmita, ile mita ndogo ya chumba chako, ipime kabla ya kulipa. Zima taa, chomoa kila kitu chumbani, kaa mbele ya sabmita dakika tano uangalie ile taa ndogo nyekundu. Ikiendelea kupepesa, kuna waya unatoka kwako kwenda kwingine, mara nyingi taa za nje au pampu ya tanki. Piga picha ya namba iliyosomeka siku unayoingia, la sivyo utalipa deni la aliyetoka. Na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni ya mwenye nyumba. Wanaowachangisha wanafunzi hela hiyo wanajua kabisa wanachofanya. Idai ipunguzwe kwenye pango, na iandikwe.

Maji. Mwanza tunaishi juu ya mawe, maji yanasukumwa kutoka Capri Point na Butimba kwenda kwenye matanki ya milimani ndipo yashuke. Nyumba iliyo karibu na usawa wa tanki, au mwisho wa laini, mchana inapata hewa na usiku wa manane inapata maji ya kudondoka. Dalali anakuleta asubuhi ambayo mwenye nyumba amejaza ndoo, anakwambia "maji yapo". Usiulize kama yapo. Fungua bomba mwenyewe, kisha muulize mpangaji, mwenye nyumba akiwa mbali, yanatoka siku zipi na saa ngapi. Angalia tanki: simtanki ya lita 1,000 kwa watu kumi na wawili ni kama madumu manne ya lita 20 kwa kila mmoja, kuoga, kupika, kufua na choo. Ikikauka siku mbili, mnanunua dumu kwa bei ya mwenye toroli.

Na hapa kuna jambo linalonikera kuliko yote. Maji yakikatika, walioko Sweya, Luchelele na Malimbe chini wanaelekezwa ziwani: "si ziwa hilo hapo?" Ziwa hilo lina kichocho. Vimelea vinatoka kwa konokono wa majini, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache ukisimama ufukweni kuchota au kufua, huhitaji kunywa tone. Kama hamna namna, maji hayo yachotwe na kuwekwa kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kamili kabla ya kuoga, vimelea vinakufa. Ya kunywa yachemshwe vilevile. Aliyeshaingia ziwani akapime choo hospitali na apewe prazikwanteli, asisubiri tumbo lianze kuuma. Mwenye nyumba anayekodisha chumba bila maji halafu anamwelekeza mtoto wa mwenzake ziwani hana huruma.

Nyumba za mlimani, hasa kuzunguka Bugando, Igogo na Mabatini, zina mambo yake. Kwa mwanafunzi wa afya anayetoka wodini usiku, kukaa karibu ni bora kuliko chumba kizuri cha Buhongwa. Lakini nenda nyuma ya nyumba. Ukuta ulioegemea mwamba au uliochimbiwa mlimani unapitisha maji mvua za vuli zikianza, na vuli ndiyo hiyo mnayoingia nayo. Gusa ukuta chini, usawa wa goti. Rangi iliyovimba kama malengelenge, au rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini peke yake, inaficha unyevu. Godoro lako litaota ukungu kabla ya mitihani. Uliza pia choo kikijaa kinanyonywaje, maana gari la majitaka halipandi kwenye mawe. Kama nyumba haijaungwa kwenye bomba la majitaka, mtajua mvua ikinyesha.

Wa mabondeni, hasa karibu na Mto Mirongo, angalieni alama ya maji ukutani.

Kuna huu mtindo wa kulipisha kwa kichwa. Chumba cha futi 10 kwa 10 kinawekwa dabo deka mbili, watu wanne, kila mmoja 40,000. Ni 160,000 kwa chumba ambacho familia ingepewa kwa 60,000! Vitanda vyenyewe vinakula futi za mraba 36, zinazobaki 64 ni za watu wanne, madumu, mabegi na mtungi wa gesi wa kilo 6, dirisha moja. Hiyo si hosteli. Mtungi ukivuja usiku hakuna wa kusimulia. Ukilazimika, jiko na mtungi vikae nje ya mlango, na kitasa kibadilishwe siku unayoingia, kwa sababu ufunguo wa zamani wanao wapangaji wa miaka mitatu iliyopita.

Mkataba: kiasi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipa maji, LUKU inagawanywaje, notisi ya kuhama, na hali ya chumba siku unayoingia. Mashahidi, na muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Lipa kwa simu au benki, na kabla hujabonyeza namba ya siri soma jina linalotokea. Kama si jina lililo kwenye mkataba, simama hapo hapo. Tangu ile sheria ya udhibiti wa pango ya 1984 ifutwe mwaka 2005, hakuna anayempangia mwenye nyumba bei wala idadi ya miezi, hivyo karatasi hiyo ndiyo silaha pekee ukifika baraza la ardhi.

Na vyuo navyo visijifiche. Mnadahili maelfu, vitanda mnavyo vya mamia, orodha ya waliopata hosteli mnaibandika wiki ya kufungua, halafu mnawaambia waliobaki "jitafutieni". Ofisi ya mlezi wa wanafunzi inashindwa nini kukagua nyumba za jirani mwezi Septemba na kutoa orodha: bei, mita, maji, jina la mwenye nyumba? Serikali za wanafunzi mnaomba kura kila mwaka, hili mmelifanyia nini?

Mlioko Malimbe, Sweya, Nyegezi Kona, Mkolani na Bugando, jazeni hapa chini: mtaa, kodi kwa mwezi, miezi inayodaiwa, mita ya pamoja au ya chumba, maji siku ngapi kwa wiki. Msiweke majina ya watu wala namba za simu. Mwenye nyumba anayepokea kwa miezi mitatu naye atajwe kwa mtaa wake, vijana wamfuate huko kabla madalali hawajawawahi.