Fristaili mita 100: mkono wa kushoto unamngoja mwenzake

mkufunzi_nungwi: Assalaam alaykum. Nina kijana wa miaka 16, tunaogelea baharini baina ya maboya mawili, mita 25. Safari ya kwanza mapigo 22 ya mikono, sekunde 17. Ya nne mapigo 26, sekunde 20. Pumzi anavuta kulia. Ukimtazama toka ngalawani, mkono wa kushoto unalala mbele. Nimuongezee kasi ya mikono?

kasa_mwepesi: Waalaykum salaam. Hebu piga hesabu kwanza: 22 kwa sekunde 17 ni mapigo 78 kwa dakika, na 26 kwa 20 ni 78 vilevile. Kasi ya mikono iko palepale. Kilichopungua ni urefu wa pigo, toka mita 1.14 hadi 0.96. Ukimharakisha atakoroga maji tu. Tazama kiwiko: kikitangulia kushuka, kigasha hulala na maji humponyoka badala ya kusukumwa nyuma.

bibi_wa_mkondo: Kweli, ila pengo la mkono kumngoja mwenzake nalo lipimwe. Mrikodi kwa ubavuni, picha 60 kwa sekunde. Tafuta picha ambayo mkono wa kulia umemaliza kusukuma, kisha ile ambayo wa kushoto umeanza kuvuta nyuma (kuingia majini hakuhesabiwi!). Picha za kati zikiwa 9 katika mzunguko mzima wa mikono miwili wa picha 93, hiyo ni hasi 10 kwa mia (hasi maana yake pana pengo). Fanya na upande wa pili, chukua wastani. Ndicho kipimo cha mtafiti Chollet na wenzake, cha mwaka 2000. Hasi kwa mita 400 si kosa. Kwa mbio fupi itakiwayo ni sifuri au chanya (mmoja uanze kuvuta kabla mwenzake hajamaliza), maana ndani ya pengo hakuna mkono unaomsukuma na maji yanamkaba.

mkufunzi_nungwi: Kwa nini kushoto tu, dada?

bibi_wa_mkondo: Pumzi hiyo. Uso unachelewa kurudi, basi mkono wa kushoto anaufanya mto wa kuegemea. Uso ugeuke mkono wa kulia uanzapo kuvuta, na uwe umerudi kabla mkono huo haujapita bega hewani. Mpe 6 x 25 pumzi kila pigo la tatu, mapumziko sekunde 30.

kasa_mwepesi: Na 4 x 25 ngumi zimefungwa, apate kuvuta kwa kigasha. Akifungua viganja, hesabu mapigo tena.

mkufunzi_nungwi: Na mkondo?

kasa_mwepesi: Pima maji yakishatuama, kwenda na kurudi. Wastani uwe wa mwendo, mita kwa sekunde, si wa muda. Aanze mita 5 nyuma ya boya, alifikie akiwa na mwendo tayari.